Uzoefu wangu wa kuchagua huduma ya mikutano ya mtandaoni kwa biashara ya Dar es Salaam

Kampuni ninayoisimamia inaagiza vigae na vifaa vya bafuni kutoka China na kuviuza kwa jumla. Duka liko Kariakoo, godauni liko Vingunguti, mawakala wetu wako Mwanza na Mbeya, na viwanda tunavyonunua kwao viko Foshan. Kwa mpangilio huo, mkutano wa video ni sehemu ya kazi ya kila wiki, kwani ndimo bei zinamojadiliwa, sampuli zinamokaguliwa na ratiba za makontena zinamopangwa. Ilipoamuliwa kwamba tulipie huduma maalumu badala ya kuendelea na simu za WhatsApp, kazi ya kuchagua ilikuwa yangu. Naandika niliyoyaona kwa sababu ushauri mwingi ninaousoma kuhusu huduma hizi unamfikiria mtu mwenye intaneti ya faiba ofisini, anayezungumza na mtu mwingine mwenye faiba.

WhatsApp yenyewe si mbaya. Inaruhusu hadi watu 32 katika simu moja ya video, idadi ambayo sisi hatuifikii, na kila mfanyakazi anaijua. Lakini imezuiwa China, ambako wasambazaji wetu hutumia WeChat. Zaidi ya hapo, mteja anayetaka kuzungumza kuhusu vigae vya jengo zima anatarajia kupata mwaliko wenye tarehe, saa na linki, si kupigiwa ghafla akiwa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro.

Huduma nilizozipima ni Zoom, Google Meet, Microsoft Teams na Jitsi. Zote zinaweza kuanza kutumiwa bila malipo, na mipaka ya vifurushi vya bure inajulikana: Zoom hukata mkutano unapofika dakika 40, Meet huruhusu dakika 60 kwa mkutano wa watu watatu au zaidi, na Teams nayo ni dakika 60. Kwa mazungumzo mafupi ya ndani ya ofisi muda huo unatosha. Kwa majadiliano ya bei yanayopitia kwa mkalimani hautoshi hata kidogo, kwa kuwa kila sentensi husemwa mara mbili, na dakika ya 40 huwa ndiyo tunaanza kugusa gharama za usafirishaji. Jitsi ilinivutia kwa sababu msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anaweza kuuona na kuutumia, na kampuni inaweza kuiweka kwenye seva yake yenyewe, lakini seva inahitaji mtu wa kuiangalia kila siku, nasi hatuna mtu huyo. Kwenye seva yao ya umma, tangu Agosti 2023, anayefungua chumba lazima aingie kwanza kwa akaunti kama ya Google au Facebook.

Baada ya kuzitumia zote kwa kazi halisi nimefikia msimamo mmoja: huduma ichaguliwe kwa kumwangalia mshiriki aliye katika mazingira magumu kuliko wote. Kwetu huyo ni mtunza stoo wa Vingunguti. Anaingia mkutanoni kwa simu janja ya bei ya kawaida na kwa bando analojiungia mwenyewe, huku amesimama kwenye mlango wa godauni malori yakipakia nyuma yake. Mkutano ukimfaa yeye, unamfaa kila mtu. Ukimshinda yeye, basi meneja aliye kwenye kiyoyozi anazungumza peke yake, kwa maana mwenye hesabu ya maboksi yaliyobaki hayupo.

Kwa hiyo majaribio yote niliyafanya kutoka kwenye simu yake, si kutoka kwenye kompyuta yangu. Jambo la kwanza nililolitazama ni matumizi ya bando. Hesabu yake ni rahisi, ukikumbuka kwamba baiti moja ni biti nane: mkutano wa sauti tupu unaotumia kilobiti 100 kwa sekunde unakula takriban megabaiti 45 kwa saa, wakati video ya wastani inayotumia megabiti moja kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa hiyo hiyo. Tofauti hiyo ya mara kumi ndiyo inayoamua kama mfanyakazi wa kawaida atabaki mkutanoni hadi mwisho au ataaga mapema akisingizia mtandao. Tangu hapo kampuni inawalipia bando wafanyakazi wanaohudhuria kwa simu, na ninaamini kila mwajiri anayewaita watu wake mtandaoni anapaswa kufanya hivyo.

Jambo la pili lilikuwa tabia ya programu mtandao unaposhuka. Hapa ndipo tofauti zilipojitokeza, na hazikuonekana katika orodha yoyote ya sifa za huduma hizo. Programu mojawapo iling'ang'ania picha hadi sauti ikaanza kukatikakatika, kisha ikamtoa mtu kabisa. Nyingine iliachia picha mapema na kuilinda sauti. Nakumbuka mkutano ambao uso wa mtunza stoo uliganda akiwa amefumba jicho moja, lakini akaendelea kusema, "Dada, picha imeganda lakini nakupata vizuri, endelea tu," naye akatusomea idadi ya maboksi ya kila rangi bila neno kupotea. Kwangu hiyo ndiyo huduma nzuri. Katika biashara unaweza kufanya kazi bila kuona sura ya mwenzako, lakini huwezi kufanya kazi ukiwa umesikia "mia" bila kujua ni mia ngapi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki zilipokatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, ilionekana wazi jinsi ulinzi wa sauti ulivyo muhimu.

Upande wa China nao una masharti yake. Huduma za Google zimezuiwa huko, kwa hiyo Meet, ambayo kwa wepesi wa kuingilia kwenye kivinjari bila kupakua kitu ningeipa nafasi ya juu kabisa, haikuweza kuwa huduma yetu kuu. Wasambazaji wengine hupendekeza VooV, toleo la kimataifa la huduma ya mikutano ya Tencent, na tumeitumia pale wanapokuwa wao wenye kuitisha mkutano. Kuhusu muda, China iko mbele yetu kwa saa tano, hivyo saa nne asubuhi ya Dar es Salaam ni saa tisa alasiri kwao. Mwaliko utengenezwe kwenye kalenda inayobadilisha saa yenyewe, maana hesabu ya kichwani huharibika mara moja tu na kiwanda kizima kinakuwa kimekusubiri bure. Ukiwa kwenye Windows, kanda ya saa ya kuchagua ni ile iliyoandikwa Nairobi.

Kuna jambo ambalo hakuna huduma iliyolimaliza, nalo ni rangi. Msambazaji aliwahi kutuonyesha kigae cha rangi ya mchanga, akakiinua mbele ya kamera, kisha akakisogeza dirishani. Mbele ya taa kilikuwa na wekundu, dirishani kikawa kijivu, na kila mmoja wetu aliona rangi tofauti kwenye skrini yake. Kamera hurekebisha mwanga yenyewe, na programu hubana picha ili ipite kwenye mtandao, hivyo rangi ya kwenye video haiwezi kuwa msingi wa oda. Sisi tunatumia video kukagua unene, kingo na ufungashaji, ambavyo huonekana vizuri, lakini rangi inathibitishwa kwa sampuli inayotumwa kwa ndege. Profoma, yaani ankara ya awali kabla ya oda, nayo tunaipitia kwa kuionyesha kwenye skrini, mstari kwa mstari, na hapo herufi husomeka hata picha za watu zikiwa hafifu.

Malipo yanahitaji kupangwa kabla ya kuchagua. Ukilipa moja kwa moja kwa kampuni ya nje, bei ni ya dola na inakatwa kwenye kadi, kiwango cha kubadilishia ni cha benki yako, na risiti utakayopata siyo ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Ukinunua kupitia wakala wa hapa nchini, bei hupanda kidogo, lakini unapata ankara ya shilingi, kama kanuni za Machi 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zinavyotaka kwa bidhaa na huduma za ndani, pamoja na risiti ya EFD ambayo mhasibu wako ataiuliza kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Mtu azungumze na mhasibu wake kwanza.

Kurekodi ni suala ninalolichukulia kwa uzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu sauti na sura ya mtu kama inavyohusu namba yake ya simu, na inaweka masharti kwa taarifa zinazosafirishwa nje ya nchi. Video iliyohifadhiwa kwenye seva ya ng'ambo imesafirishwa. Sisi hurekodi mikutano ya bei pekee, tunatangaza mwanzoni na kusubiri kila mtu akubali, na faili inahifadhiwa kwenye kompyuta ya ofisi. Chumba cha kusubiri, ambamo anayeingia hukaa hadi aruhusiwe, kinabaki kimewashwa muda wote, kwa sababu linki za mikutano husambaa kwenye makundi ya simu bila mtu kukusudia. Zoom ina pia usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, unaofanya mazungumzo yasomeke kwa washiriki tu, tangu Oktoba 2020, ila ukiuwasha unapoteza uwezo wa kurekodi kwenye seva yao na wa kujiunga kwa kupiga simu ya kawaida.

Tulichochagua ni Zoom ya kulipia, kwa leseni moja ya mwenyeji, yaani anayeitisha mkutano, ambayo mkutano wake unaweza kudumu hadi saa 30 na kuchukua watu 100. Mawakala wa Mwanza na Mbeya hawahitaji leseni, kwani wanaoalikwa hawalipi. Meet tumeibakiza kwa mazungumzo mafupi na wateja wa hapa nchini, hasa wasiotaka kupakua programu mpya. Kwa biashara inayofanana na yetu naipa Zoom alama ya juu kwa namna inavyolinda sauti na kwa kufikika na wasambazaji wetu wa China, na alama ya chini kidogo kwa wingi wa vitufe unaomchanganya mtu anayeiingia kwa mara ya kwanza.

Malipo ya mwaka ni nafuu kuliko ya mwezi mmoja mmoja, lakini tulianza na ya mwezi na kuyaendeleza hadi masika yalipopita, na mvua zake na kukatika kwa umeme. Mtunza stoo wetu alipomaliza msimu huo akiwa anatusomea hesabu zake kama kawaida, ndipo nilipoidhinisha malipo ya mwaka mzima.