Uzoefu wangu na templeti za bei kwenye sistimu ya kuuzia tiketi, ukumbi wetu hapa Arusha

Nasimamia mauzo ya tiketi kwenye ukumbi mmoja hapa Arusha upande wa Njiro, tunapokea kila kitu, matamasha ya injili, vichekesho, maigizo ya shule, usiku wa ngoma kwa wageni wanaoshuka kutoka safari. Wenye kumbi wenzangu wa hapa na wa Moshi wananiuliza sana kama hii sistimu tuliyonunua inafaa. Inafaa, na kilichonifanya niipende ni kitu ambacho wengi wakionyeshwa demo hawakigusi kabisa, wanakimbilia kuangalia ramani ya viti na rangi za tiketi, wakati uhai wa dirisha la tiketi uko kwenye templeti za bei. Jina la sistimu siweki maana nina malalamiko nayo pia, na haya mambo utayakuta kwenye sistimu nyingi tu.

Kwa ambaye hajawahi kuitumia, templeti ya bei unaiandaa mara moja halafu unaipandikiza kwenye kila shoo. Ndani yake unaweka aina za tiketi (mkubwa, mtoto, mwanafunzi, mwaliko), maeneo (mzunguko, VIP, meza), ada, kodi, tiketi ipi iuzwe dirishani tu na ipi mtandaoni, na mtu mmoja asizidishe ngapi. Shoo mpya ikija unachagua templeti, unaweka tarehe, bei zote zimeshaingia.

Zamani kila shoo ilikua inaandikwa upya na aliyekua zamu, huyu anaandika Mtoto, yule Watoto, mwingine Under 12, mwisho wa mwezi bosi anataka kujua watoto waliingia wangapi na ripoti inatoa mistari mitatu ya kitu kilekile. Na mbaya zaidi bei zenyewe zinapishana, mtu kaona tangazo elfu kumi, kafika dirishani anaambiwa elfu kumi na mbili, "dada mbona mmeandika elfu kumi?", na dada wa watu hana la kujibu. Mteja akishahisi bei inapangwa kwa kumwangalia usoni harudi tena, na atawaambia na wenzake. Mimi hilo linaniuma kuliko hata hela iliyopotea.

Sasa niingie kwenye vitu vyenyewe, naanza na meza maana ndo iliyonipa kazi. Hapa kwetu shoo kubwa lazima iwe na meza ya watu kumi, tuseme laki tano. Ukiiingiza kama tiketi ya kawaida ya laki tano sistimu inatoa nafasi moja tu kwenye idadi ya ukumbi, kwahiyo ukiuza meza ishirini inaona umeuza nafasi 20 wakati watakaoingia ni 200, na itaendelea kuuza mpaka watu wakae kwenye ngazi. Kwenye templeti kuna sehemu inauliza tiketi moja inabeba watu wangapi, pale weka 10, na hakikisha inatoa QR kumi (vile vimraba vya kuskani getini) sio moja, maana wale watu kumi hawaji pamoja hata siku moja, wawili wanatoka Sakina, wengine Usa River, mmoja kachelewa kazini. QR ikiwa moja, wa kwanza akiskani ameingia, tisa wamebaki getini wanapiga simu. Hii sehemu ipo lakini imefichwa chini kabisa kwenye mipangilio ya ziada, ingetakiwa iwe juu.

Kodi ya serikali nayo. Kama biashara yenu imesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kiwango cha kawaida ni asilimia 18, na templeti inakuuliza swali dogo sana, bei hii ina kodi ndani au iongezwe juu. Chukua tiketi ya 10,000. Ukichagua ndani, mteja analipa 10,000 ileile iliyo kwenye bango, na sistimu inatoa 18 gawanya kwa 118, VAT inakua kama 1,525 na inayobaki kwenu ni kama 8,475. Ukichagua juu, mteja anadaiwa 11,800. Sasa mtu kashika noti ya elfu kumi mkononi, nyuma yake kuna foleni, unamwambia ongeza elfu moja na mia nane, hapo ndo kelele zinapoanza. Watanzania tumezoea bei ya bango ndo bei ya mwisho, kwahiyo chagua ndani, halafu hakikisha inayoonekana kwenye sistimu inalingana na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) maana hiyo ndo TRA, mamlaka ya mapato, wanayoitaka. Nilichokipenda ni kwamba kiwango cha kodi kinakaa sehemu yake peke yake na templeti zote zinakisoma kutoka huko, mambo ya kodi huwa yanaguswa kwenye bajeti ya mwezi wa sita na mabadiliko mengi yanaanza Julai mosi, hutaki kupitia templeti moja moja kubadilisha namba.

Bei ya mapema, ile nafuu kwa wanaowahi kununua, ndo iliyonifanya niandike malalamiko kwao. Templeti inakupa njia mbili za kupanga bei ya mapema iishe lini, tarehe maalum au siku kadhaa kabla ya shoo. Kwenye templeti tumia siku kadhaa kabla ya shoo tu, maana tarehe maalum ukiipandikiza shoo ya mwezi ujao inakuja na tarehe iliyokwisha pita na bei ya mapema haitokei kabisa. Hiyo sio shida. Shida ni kwamba akaunti mpya inakuja na saa za London, na hakuna popote panapokwambia. Umetangaza bei ya mapema inakwisha saa sita kamili usiku, huku kwetu saa sita imefika bado sistimu inauza bei ya chini, mpaka saa tisa usiku, maana London wapo nyuma yetu masaa matatu, na miezi wanayosogeza saa yao mbele tofauti inabaki mawili kwahiyo bei inabadilika saa nane. Ukumbi wetu ulikula hasara hapo, sio kubwa, lakini wateja waliokuja kulipa bei kamili baadaye walilalamika na walikua na haki. Kampuni ilichukua muda kujibu, na jibu lenyewe lilikua nenda kwenye mipangilio ya akaunti. Kwa sistimu inayouzwa nchi nyingi, swali la kwanza ukifungua akaunti lilitakiwa liwe uko wapi.

Watoto. Andika umri kwenye jina la tiketi lenyewe. "Mtoto" peke yake haitoshi, mama anakuja na kijana wa miaka 17 mrefu kumzidi yeye na anamuita mtoto wangu, na kweli ni mtoto wake. Sisi tumechukua mpangilio wa hifadhi za taifa maana watu wa Arusha wameshauzoea, chini ya miaka 5 bure, 5 hadi 15 mtoto, 16 kwenda juu mkubwa. Dada dirishani anauliza tu "shikamoo mama, huyu mdogo ana miaka mingapi?", anabonyeza, imeisha, hakuna ubishi. Halafu hao wa bure msiache kuwatolea tiketi ya shilingi sifuri, wanakalia viti kama wengine na siku ya dharura unataka kujua ndani kuna watu wangapi.

Usiku wa ngoma tuna bei tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki, wageni wanaoishi hapa, na wageni watalii, hiyo nayo ni desturi ya huku kaskazini na hakuna anayeshangaa. Templeti ina kitufe cha kulazimisha kuonyesha kitambulisho, ukiwasha, mtandaoni mteja anapata ujumbe aje na NIDA (kitambulisho cha taifa) au pasipoti, na getini skana inatoa alama ya njano anayeskani akague. Hicho kitufe nakipa alama zote. Bei zote tunaweka kwa shilingi, tangu 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni humu ndani, kwahiyo kama bado una templeti ya zamani yenye dola ifute kabisa usije ukaipandikiza kwa bahati mbaya.

Kuna kitu cha kuelewa ambacho wauzaji hawakisemi vizuri kwenye demo: ukishapandikiza templeti kwenye shoo, shoo inabaki na nakala yake. Ukibadilisha templeti leo, shoo zilizokwisha funguliwa hazibadiliki. Wengine wanaona ni kasoro, mimi nasema ndivyo inavyotakiwa, hebu fikiria umeshauza tiketi mia mbili za shoo ya Jumamosi halafu mtu anagusa templeti na bei inaruka katikati ya mauzo. Ninachowalaumu ni kutoweka orodha ya shoo zinazotumia templeti fulani, kwahiyo ukitaka kurekebisha zote inabidi uzifungue moja moja kwa mkono. Dawa yetu ni kuweka mwaka na mwezi kwenye jina la templeti, "Injili 2025-07", tukibadilisha bei tunatengeneza nakala mpya na ile ya zamani tunaifunga, na ruhusa ya kuhariri wanayo watu wawili tu. Wa dirishani wanachagua, hawahariri.

Ada ya huduma iko sawa, unaweza kuiweka kwa mauzo ya mtandaoni peke yake na kuacha dirisha bila ada. Ila wanapiga kwa asilimia na hawakupi nafasi ya kukadiria. Asilimia 3.5 ya elfu kumi ni 350, anayelipa kwa simu haimsumbui, lakini tiketi ya 7,500 inakuja 262 na nusu, nusu shilingi, na inachapwa hivyohivyo kwenye tiketi. Shilingi yetu haina senti mtaani na wateja wanauliza hiyo point tano ni nini. Nimewaomba waweke chaguo la kukadiria hadi mia iliyo karibu, wamesema wamelipokea.

Nyota nne kati ya tano natoa, hiyo moja nimeibakiza kwa ajili ya saa za London na hizo nusu shilingi. Kama unataka kununua ya kwako, omba demo na ulete shoo yako halisi, yenye meza ya watu kumi, mtoto wa bure na bei ya mapema inayokwisha saa sita usiku, mwambie muuzaji aitengeneze templeti mbele yako huku unaangalia.