Mtego wa inzi wa matunda wenye chambo cha madume: uzoefu wangu wa misimu 2

Nimeutumia mtego huu kwa misimu 2 mfululizo katika bustani ya nyumbani yenye miembe 3, mpera 1 na michungwa 2. Ninaandika kwa sababu kijikaratasi kilichokuja nao kinaahidi jambo ambalo mtego wa aina hii hauwezi kulifanya peke yake, ingawa lile unaloliweza unalifanya vizuri kuliko nilivyotarajia.

Wenyewe ni kopo la plastiki angavu lenye mfuniko wa manjano na matundu 4 ubavuni. Ndani yake kinaning'inia kipande kidogo cha mbao kilicholoweshwa vitu viwili: methili-yujenoli, ambayo ndiyo chambo, na kiuatilifu kinachomuua inzi akishatua. Ukifungua pakiti unakutana na harufu inayokaribia sana ile ya karafuu, nayo hukaa vidoleni hata baada ya kunawa, kwa hiyo ni vyema kuvaa glavu. Kuutundika si kazi: unachagua tawi lenye kivuli, mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini, unaondoa majani yanayoziba matundu, kisha unapaka grisi kwenye waya. Hiyo grisi haikutajwa popote katika maelezo, nami niliijua umuhimu wake baada ya kukuta sisimizi wamejipanga foleni wakiwabeba inzi waliokufa, huku nikidhani kwamba mtego haunasi kitu.

Msimu wa kwanza nilitundika mitego 2. Baada ya juma moja nilimimina wafu wa mtego mmoja kwenye sahani nyeupe nikawahesabu: walikuwa 214. Juma lililofuata walizidi 300. Nilifurahi mno, na nakiri kwamba nilianza kuwaonyesha wageni kopo lile kama mtu anayeonyesha kikombe cha ushindi.

Furaha hiyo ilidumu hadi embe la kwanza lilipolainika. Kwa nje lilikuwa zuri, isipokuwa karibu na kikonyo palikuwa na vidoa 3 vyeusi, kila kimoja kikubwa kidogo tu kuliko tundu la sindano, na chini ya kimojawapo utomvu ulikuwa umetiririka ukakauka. Nilipolipasua, nyama iliyozunguka kokwa ilikuwa imegeuka uji wa kahawia, na funza weupe wakawa wanajikunja na kuruka juu ya ubao wa kukatia. Katika maembe 10 niliyochuma siku hiyo, 6 yalikuwa hivyo. Mitego ilikuwa imejaa, na matunda nayo yalikuwa yamejaa.

Jioni ile nilichukua lenzi ya kukuzia nikawatazama wafu mmoja mmoja. Inzi jike wa matunda ana ncha kali mwishoni mwa tumbo, ambayo ndiyo anayotobolea ganda na kupenyeza mayai. Dume hana, tumbo lake huishia butu. Niliwakagua inzi 50 bila kumpata hata jike mmoja. Hapo nikaelewa kwamba kwa majuma mazima nilikuwa nikiwaua wale wasiotoboa embe.

Hilo si kasoro ya kopo; ndiyo tabia ya methili-yujenoli. Huwavuta madume wa Bactrocera dorsalis, aina ya inzi wa matunda wanaoshambulia maembe, na baadhi ya jamaa zake wa karibu, tena kutoka mbali, lakini majike hawaijali. Kuwaua madume kunaweza kupunguza kizazi kijacho endapo karibu wote wataondolewa, maana dume mmoja aliyesalia hupanda majike wengi, na kazi ya namna hiyo huhitaji mitego mingi katika eneo kubwa kwa wakati mmoja. Bustani ya miti 6 iliyozungukwa na miti ya majirani haiwezi kufikia hapo, kwa sababu majike huingia wakiwa wamekwisha kupandwa, na jike mmoja katika mazingira ya kawaida hutaga zaidi ya mayai 1,000 katika maisha yake. Aidha, kama inzi wanaokusumbua ni wale wa Mediterania, au wale wanaoshambulia matikiti na matango, chambo hiki hakitawaita kabisa, kwani kila kundi lina harufu yake. Kijikaratasi kilipaswa kuyasema hayo yote katika mstari wa kwanza. Badala yake kimeandika "kinga kamili ya matunda".

Kwa nini basi nimeendelea kuutumia? Kwa sababu ni kipimo kizuri. Msimu wa pili niliacha mtego 1 tu, mahali palepale, na kila Jumamosi niliwahesabu wafu nikaandika idadi yao katika daftari. Kwa majuma mengi idadi ilikuwa chini ya 15. Mapera yalipoanza kuiva, kabla ya maembe kufikia hatua hiyo, ilipanda hadi 40, kisha ikapita 100. Ndipo nilipotambua kwamba mpera ule, ambao sikuwahi kuushuku, ndio uliokuwa ukiwalea inzi wakisubiri maembe. Ongezeko hilo lilinipa nafasi ya kuyavisha maembe mifuko ya karatasi yakiwa bado mabichi na magumu. Mfuko huo uwe na nafasi ndani, kwa maana karatasi ikilibana tunda, jike hutoboa vyote viwili kwa pamoja. Sikuweza kuyafikia maembe ya juu kabisa, hivyo niliyachuma mapema, yakiwa yamekomaa lakini hayajaanza kuiva, nikayaivishia ndani.

Kazi nyingine ilihusu matunda yaliyoanguka, na hapa kosa lilikuwa langu. Mwaka wa kwanza niliyafukia kwenye shimo la kina cha kiganja, nikidhani nimemaliza. Funza akishashiba hutoka katika tunda, huingia kwenye udongo sentimita chache tu na kugeuka pupa humo, kwa hiyo shimo langu lilikuwa kama kitanda nilichowatandikia. Siku hizi huyaokota matunda hayo karibu kila siku, huyatia katika mfuko mweusi wa plastiki, huufunga kwa nguvu na kuuacha juani kwa siku kadhaa. Asiyetaka mifuko na achimbe angalau nusu mita.

Turudi kwenye kopo lenyewe. Mfuniko wa mmoja kati ya mitego yangu ulipasuka kwa jua kabla ya msimu kwisha, na maji ya mvua yakaingia. Kipande cha chambo hudumu majuma 6 hadi 8, lakini hakuna alama yoyote inayoonyesha kwamba kiuatilifu kimekwisha nguvu, na hili si jambo dogo: dume aliyeila methili-yujenoli akanusurika huwa na mvuto zaidi kwa majike, hivyo chambo chenye harufu bila sumu huwa kinamhudumia adui. Mimi huandika tarehe kwenye mfuniko kwa kalamu isiyofutika, na hukibadilisha kikifika majuma 6, kiwe bado kinanukia au la.

Anayetaka mtego unaowanasa pia majike anunue ule wa chambo cha protini, ambao hutumia hamira maalumu. Nimeujaribu kwenye mchungwa mmoja. Huvuta inzi wachache zaidi na wa karibu tu, tena maji yake huoza na lazima yabadilishwe mara kwa mara, lakini majike huingia, na hilo ndilo nililokuwa nikilitaka tangu mwanzo.

Mtego huu naupa alama 3 kati ya 5. Nyota 2 nimeziondoa kwa sababu ya ile ahadi ya uongo na ule mfuniko. Kama ungeuzwa kama chombo cha kuhesabia, ningeupa 4. Msimu uliopita, kati ya maembe 70 niliyoyavisha mifuko, 4 tu ndiyo yaliyokutwa na funza. Jumamosi iliyopita nilihesabu inzi 9, mapera bado ni madogo kama ndimu, na mifuko ya karatasi iko stoo ikisubiri.