Kubana mafuta kwa gari la gia za mkono: nilichokiona barabarani

Gari langu ni dogo, la petroli, injini ya lita 1.5, gia tano za mkono. Nimekaa nalo muda wa kutosha kujua linakulaje, na kwa wanaouliza kama uendeshaji peke yake unapunguza mafuta, nasema ndiyo, unapunguza. Ila si kwa ile mbinu inayosifiwa kuliko zote. Anayetia gari nyutro, yaani anayetoa gia kabisa, kila akiona mteremko anajisumbua tu.

Nianze na hiyo nyutro, maana ndiyo yenye ubishi. Hoja ni kwamba gari likiwa nyutro injini inatulia, mzunguko unashuka, basi mafuta yanapungua. Enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Injini za injekta, yaani vipulizio vya mafuta vinavyoongozwa na kompyuta, zinafanya kazi tofauti: ukitoa mguu kabisa kwenye pedali ya mafuta huku gia imo, kompyuta inatambua kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, inafunga injekta. Haliingii hata tone. Mafuta hurudi mizunguko ikikaribia 1,500 au 1,200 kwa dakika, kutegemea gari, ili injini isizime. Ukiwa nyutro magurudumu hayaisaidii injini chochote, kwa hiyo inabidi ichome mafuta muda wote isizime.

Dashibodi yangu ina sehemu inayoonyesha ulaji wa papo kwa papo, na hapo ubishi huisha. Nikishuka mlima na gia ya nne, mguu hauko kwenye mafuta, inasoma 0.0. Nikitoa gia, namba inapanda palepale, inaanza kucheza kwenye lita moja na kitu. Nikirudisha gia, sufuri tena. Wenye kupenda nyutro wana haki kwenye jambo moja: gari linaserereka mbali zaidi kwa sababu injini hailizuii. Kwenye kiteremko kidogo sana, ambako gia ingelivuta gari mpaka ukanyage mafuta tena, hesabu inaweza kuwa upande wao. Mteremko mkali ni habari nyingine. Huko umejinyima breki ya injini, mzigo wote umeangukia breki za magurudumu, zinapata moto, na breki iliyopata moto kupita kiasi haishiki.

Kuhama gia mapema kunalipa, na hili nimelikubali baada ya kulifanyia mazoea. Napandisha kati ya mizunguko 2,000 na 2,500. Watu hudhani siri ni kukanyaga mafuta kwa woga, kumbe injini ya petroli haipendi hivyo. Ikizunguka kasi huku umegusa pedali kidogo, mlango wa hewa unakuwa karibu umefungwa, na injini inapoteza nguvu kwa kuvuta hewa kupitia upenyo mwembamba, juu ya msuguano wa vyuma vinavyozunguka haraka bila sababu. Gia kubwa, mzunguko mdogo, mguu umezama kiasi: hapo kila tone linafanya kazi zaidi. Kwa hiyo kutoka kwenye taa sijikokoti. Nakanyaga vya kutosha, napandisha gia upesi, nikishafika mwendo ninaoutaka nalegeza.

Mpaka upo, na gari lenyewe hukuambia. Gia ikiwa kubwa kuliko mwendo, mkono wa gia unatetemeka, injini inatoa mngurumo mzito kama mtu anayenyanyua gunia, na ukizidisha unasikia inagonga. Shusha gia. Wenye magari ya turbo yanayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda wawe waangalifu zaidi, kwani kuilemea injini ya namna hiyo kwenye mzunguko mdogo kunaweza kufanya mafuta yawake kabla ya wakati, na pistoni huvunjika kwa hilo.

Kilichonipa faida kubwa kuliko gia zote, hata hivyo, ni macho. Kila unapofunga breki unageuza kuwa joto mwendo ulioununua kwa mafuta. Nikiona taa nyekundu mbele, au foleni imeanza kujikusanya, natoa mguu mapema na kuacha gia ilipo. Injekta zimefunga, gari linapungua taratibu, na mara nyingi nafika taa ishageuka nikiwa bado natembea na gia ya tatu. Kuondoka kwenye mwendo wa kutembea ni rahisi mno kuliko kuling'oa gari lililosimama. Wa nyuma yangu hupiga honi, kisha tunasimama wote kwenye taa inayofuata.

Njia kuu haina ujanja. Nguvu ya hewa inayolizuia gari inakua kwa mraba wa mwendo, maana yake kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 120 inaongezeka kwa asilimia 44. Gia ya tano haiwezi kukufichia hilo. Magurudumu yenye upepo pungufu nayo yatakula faida yote uliyoihangaikia kwenye gia.

Napima kwa kujaza tangi hadi juu, kuandika kilomita, na kujaza tena. Nilikuwa kwenye lita 8 na ushei kwa kilomita 100, sasa nazungukia 7, kwa njia zilezile. Tofauti hiyo ni ya mguu wangu, si sifa ya gia za mkono zenyewe. Zamani otomatiki zilikula zaidi, lakini za leo zenye gia 8, na hata zile za mkanda zisizo na gia maalumu, mara nyingi zinalingana na za mkono au kuzipita, kwa kuwa hazisahau kupandisha gia.

Kwa asiyetaka kukodolea mshale wa mizunguko, magari mengi ya karibuni yana kialama kinachokuambia upandishe au ushushe. Umoja wa Ulaya ulianza kukilazimisha kwenye magari mapya ya abiria ya gia za mkono mwaka 2012. Changu nakitii kwenye tambarare. Mlimani, gari limejaa watu na mizigo, kinanitaka niweke ya nne ilhali injini inaomba ya pili, na hapo naisikiliza injini.