Rashasha ndogo ya zamani ya kwanza: uanze na ipi, na utazame nini kabla ya kulipa

Mwongozo huu ni wa wakusanyaji walio Marekani, kwa kuwa ndiko soko lenyewe liliko. Kenya na Tanzania raia haruhusiwi kumiliki bunduki inayomimina risasi mfululizo, na hakuna leseni ya ukusanyaji inayofungua mlango huo. Wasomaji wa Kiswahili walioko Minneapolis, Dallas au Columbus wako kwenye hali nyingine. Raia na mwenye kadi ya kijani wanaweza kuomba, ilhali aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida hata bastola ya kawaida haruhusiwi kuishika. Hakikisha hadhi yako kabla ya kuanza kutamani.

Karatasi kwanza

Sheria tatu ndizo zilizolitengeneza soko hili. Ile ya 1934 ililazimisha kila rashasha isajiliwe na ikaweka kodi ya dola 200 kwa kila uhamisho. Dola 200 hizo hazijabadilika hadi leo. Ile ya 1968 ilizuia kuingiza kutoka nje kwa ajili ya raia, ikatoa msamaha wa siku 30, ambapo askari waliorudi na bunduki za vita wangeweza kuzisajili bila kushtakiwa. Ile ya 1986 ilifunga daftari: silaha ambayo haikusajiliwa kabla ya Mei 19 mwaka huo haiwezi kumfikia raia wa kawaida. Idadi haiongezeki tena, nayo kila mwaka hupungua kidogo kwa ajali na kutu. Ndiyo maana bomba la Sten, rashasha ya Uingereza iliyotengenezwa wakati wa vita kwa bei ya kutupa, leo lina bei ya gari.

Utakutana na makundi matatu kwenye matangazo. Zinazohamishika, yaani zinazoweza kuuzwa kihalali kwa raia, ndizo zako. Sampuli za wauzaji, yaani zinazoshikwa na wauzaji wenye leseni tu, ziwe za kabla ya 1986 au za baada yake, si zako hata ukipunguziwa bei nusu. Mtu akikwambia "tutaelewana" kuhusu sampuli, ondoka. Kosa hapa ni jinai ya serikali kuu.

Kabla ya kutuma hata senti moja, omba nakala ya fomu iliyoidhinishwa ya mmiliki wa sasa na picha za wazi za maandishi yaliyochongwa kwenye mwili wa bunduki. Linganisha mambo manne: namba, jina la mtengenezaji, modeli, na kipimo cha risasi. Herufi moja ikipishana, muuzaji airekebishe na ATF (idara ya serikali kuu inayosimamia silaha) kwanza, kabla ya mauzo. Hapa ndipo wengi huumia. Bunduki ni nzuri, karatasi ina namba iliyokosewa tangu enzi za taipureta, na mnunuzi ameshalipa.

Ununuzi wenyewe hupitia Fomu 4 ya ATF, ya kuomba uhamisho. Unapeleka alama za vidole, picha, kodi ya dola 200, na nakala ya taarifa kwa mkuu wa polisi wa eneo lako. Bunduki ikiwa jimbo jingine, huhamishwa kwanza kwa muuzaji mwenye leseni wa jimbo lako kwa Fomu 3, isiyolipiwa kodi. Hukai nayo nyumbani hadi idhini itoke. Ukitaka mke au mtoto mtu mzima aweze kuishika usipokuwepo, fungua amana ya kisheria (trust) na ununue kwa jina la amana, ingawa kila msimamizi wake atatoa alama zake za vidole. Ukifa, mrithi huipokea kwa Fomu 5 bila kodi. Waambie wa nyumbani fomu ziko wapi, maana silaha isiyo na karatasi mikononi mwa mjane ni balaa tupu.

Leseni ya mkusanyaji wa vitu vya kale inafaa sana. Inakuruhusu kupokea moja kwa moja kutoka jimbo jingine bunduki iliyotimiza miaka 50 katika hali yake ya asili. Nayo majimbo hayafanani. California, New York, Illinois na Hawaii yamefungwa kwa mkusanyaji wa kawaida. Minnesota inaruhusu zile tu zenye hadhi ya vitu vya kale, hivyo Mswahili wa Minneapolis asinunue rashasha aina ya Uzi iliyotengenezwa 1985 akidhani ataipeleka nyumbani. Na ukitaka kuvuka mpaka wa jimbo na rashasha yako, hata kwa mashindano ya siku mbili, omba ruhusa ya ATF kabla ya kuondoka.

Asili au bomba

Bunduki ya asili imetoka kiwandani kwake: Steyr, Savage, Harrington & Richardson. Bunduki ya bomba ni mwili uliotengenezwa na kusajiliwa na karakana ya Marekani miaka ya 1980, ukavikwa vipuri vya bunduki iliyovunjwa. Kisheria zote zinahamishika. Kwa mkusanyaji tofauti ni kubwa, kwa sababu ya asili hubeba historia na bei yake hupanda kwa utulivu, wakati ya bomba hupigwa bila uchungu. Kuna pia nyara za vita zilizozibwa mtutu zamani na baadaye kurejeshwa kihalali. Hizo uliza nani alizirejesha, na utazame chemba (mahali risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa) kwa taa.

Mpangilio wetu

Tumepanga kwa kuuliza mambo matatu: vipuri na magazini vinapatikana? Inafanya kazi siku ya kwanza? Utaiuza kwa urahisi ukibadili mawazo? Uzuri wa kuitazama ukutani tumeuweka nyuma.

1. Uzi. Uziel Gal aliichora baada ya vita vya 1948, na hadi leo ni vigumu kupata rashasha isiyosumbua kuliko hii. Ina uzito wa kilo 3.5, kasi ya risasi 600 hivi kwa dakika, na magazini iliyo ndani ya mpini, hivyo hata gizani mkono unaujua mkono mwenzake. Nyingi zilizo sokoni ni zile zenye mwili wa Group Industries uliosajiliwa kabla ya kufungwa kwa daftari, na baadaye kuuzwa na Vector Arms. Tafuta maneno "registered receiver", yaani mwili uliosajiliwa. Kuna nyingine ambazo kilichosajiliwa ni bolti peke yake, yaani kipande kinachoenda mbele na nyuma kuingiza risasi na kuifyatua. Huo ni ununuzi wa kipande cha chuma kinachogongwa mara kumi kwa sekunde, na kikipasuka hakuna kingine cha kuweka badala yake. Bei yake iwe chini, la sivyo iache.

Ukiwa nayo mkononi, toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, kisha vuta mkono wa kukokea hadi katikati na uuachie. Meno ya kifuniko cha juu yanapaswa kuishika bolti isirudi mbele. Yasiposhika, kifuniko kimechakaa. Ingiza mtutu ukaze nati yake: mtutu usicheze hata kidogo. Kibanio cha usalama kilicho nyuma ya mpini kibane kweli, kwa maana bolti isisogee ukiwa hujakikamata. Ikipita hayo, nunua magazini kumi za chuma za risasi 25 au 32 siku hiyo hiyo.

2. Thompson M1A1, kama mfuko unaruhusu. Hii ndiyo tungeichagua kwa moyo. Iliingia jeshini mwishoni mwa 1942, pini yake ya kufyatua ni sehemu ya uso wa bolti, na ndani hakuna kipande cha shaba kilichoifanya Thompson ya modeli ya 1928 kuwa ghali bila faida iliyoonekana. Ina uzito unaokaribia kilo 5, na uzito huo ndio unaoituliza: risasi za kipimo cha .45 kwa kasi ya 700 hivi kwa dakika, na bado inabaki kwenye shabaha. Fahamu kwamba haipokei magazini za duara. Anayekuuzia M1A1 pamoja na duara la risasi 50 anakuuzia vitu viwili visivyoingiliana. Magazini zake ni za mraba, za risasi 20 na 30, na za enzi za vita bado zipo nyingi.

Kipande cha kwanza cha kukagua ni kisahani cha nyuzinyuzi kilicho nyuma ya springi, kinachopokea kishindo cha bolti. Kikiwa kimekauka au kimekwisha, bolti imekuwa ikigonga chuma kwa chuma. Kipya ni bei ndogo, lakini mwili uliopigwa kwa ndani haurudi ulivyokuwa. Angalia pia kama rangi ya chuma ni ya zamani: kona za herufi zikiwa butu, ilisuguliwa na kupakwa upya, na thamani ya ukusanyaji imeshuka.

Thompson za West Hurley, zilizotengenezwa kuanzia 1975, ni suala jingine. Zinavutia kwa bei, ila vipimo vya miili yake havikuwa sawasawa, na nyingi zilihitaji fundi kabla ya kupiga magazini nzima bila kukwama. Nunua ile tu ambayo fundi anayezijua ameshaishughulikia, na uione ikipigwa.

3. Reising M50. Mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kupata rashasha halisi ya Vita vya Pili, ya kiwandani, yenye hadhi ya kitu cha kale. Sifa yake iliharibika kwenye kisiwa cha Guadalcanal, Pasifiki, ambako mchanga na unyevu uliwafanya wanamaji wa Marekani waitupe. Sababu iko ndani: inapiga bolti ikiwa imefungwa, na bolti hiyo hujiinua kuingia kwenye kijishimo cha mwili. Kijishimo kikijaa uchafu, haifungi, na isipofunga haipigi. Uwanjani Ohio, ikisafishwa kila baada ya risasi mia chache, inapiga kwa usahihi kuliko wenzake wote hapa, na ina uzito wa kilo 3 tu.

Mtego wake ni vipuri. Viwandani vilikuwa vinasuguliwa kwa mkono kulingana na kila bunduki, kwa hiyo bolti ya moja haiingii lazima kwenye nyingine. Nunua iliyo kamili. Fungua kofia ya nyuma uangalie meno yake ya skrubu, kwa sababu ikipigwa ikiwa imelegea meno hung'oka, na huo ni uharibifu wa mwili uliosajiliwa. Bei ya magazini halisi za risasi 20 itakushtua.

4. Sterling. Ilibebwa na jeshi la Uingereza kuanzia 1953, na bunduki iliyoitangulia, Patchett, ilikuwamo katika vita vya Kenya vya miaka hiyo, pamoja na Sten. Magazini yake iliyopinda, ya risasi 34, yenye magurudumu madogo badala ya sahani ya kawaida, ndiyo bora kuliko zote katika orodha hii. Bolti ina mifereji ya mzunguko inayokwangua uchafu. Kilichoishusha hapa ni kwamba zinazohamishika karibu zote ni za bomba, na ubora unategemea mchomeleaji. Usinunue bila kuiona ikimaliza magazini tatu mfululizo.

5. MP40, rashasha ya Kijerumani ya Vita vya Pili. Kwa thamani ya ukusanyaji ingekuwa juu zaidi, lakini kama bunduki ya kwanza ina majaribu mengi. Namba zisizolingana, mpini wa bakeliti uliopasuka, bomba la miaka ya 1980 linalotangazwa kama nyara ya vita: yote yapo. Alama "ayf", "bnz" au "fxo" hukuonyesha kiwanda. Usiishike kwa magazini unapopiga. Mkono unaivuta, pembe inabadilika, risasi inakwama.

6. Sten. Rahisi kufungua, rahisi kusafisha, na haina siri. Ila ni bomba lililochomelewa, na nyumba ya magazini ikikaa upande nyuzi mbili tu haitapona kwa springi mpya. Midomo ya magazini ndiyo ugonjwa wake wa kuzaliwa. Weka risasi 28 badala ya 32.

7. MAC-10 na ndugu zake. Ndizo za bei ya chini kabisa, na wengi huanzia hapo. Kasi yake ni zaidi ya risasi 1,000 kwa dakika, hivyo magazini ya 32 inakwisha kabla ya sekunde mbili. Kuna sehemu za juu za kisasa zinazopunguza kasi hiyo na kuigeuza kuwa bunduki ya mashindano. Kwa mpigaji ni akili nzuri. Kwa mkusanyaji wa vitu vya zamani ni kuahirisha ununuzi aliokuwa akiutaka.

Siku ya kukagua na wiki ya kwanza

Bei hubadilika, ila uwiano haubadiliki sana: MAC, Sten na Reising huzunguka dola elfu kumi, Uzi na Sterling juu ya hapo, MP40 ya asili na Thompson ya vita mara mbili au tatu. Tenga fedha nyingine kwa magazini, springi mpya ya bolti, na risasi 1,000. Risasi za milimita tisa ni nafuu kuliko za .45 kwa kiasi utakachokihisi mwezi wa pili.

Springi ibadilishwe kabla ya risasi ya kwanza hata kama inaonekana nzima. Springi iliyochoka huiacha bolti igonge nyuma kwa nguvu zaidi, na kinachoumia ni mwili. Ukisikia mlio dhaifu katikati ya mfululizo, acha, toa magazini, na upitishe fimbo ndani ya mtutu: risasi inaweza kuwa imebaki humo, na ya pili itauvimbisha. Risasi za jeshi za miaka ya 1940 mara nyingi huacha chumvi. Osha mtutu kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, ukaushe, kisha ndipo mafuta.

Na kwa zote zinazopiga bolti ikianzia nyuma, yaani hapa zote isipokuwa Reising: magazini haiingii hadi ukiwa kwenye mstari wa kupigia. Bolti ikiwa mbele na magazini imejaa, kuanguka kwenye sakafu ya zege kunaweza kutosha kuirusha nyuma kiasi cha kuchukua risasi na kuifyatua. Sten zimeua watu kwa namna hiyo tangu 1941.