Uzoefu wangu: mkanda wa WS2812B kwenye upanga wa maigizo

Kwa upanga wa maigizo unaowaka taa, naupendekeza mkanda wa WS2812B (mkanda wa LED ambao kila taa yake huongozwa kwa programu) wa taa 60 kwa mita, ule usiofunikwa silikoni. Ule wa taa 144 unavutia zaidi ukiiona pamoja dukani, ila unakula umeme zaidi ya mara mbili, na mpini hauna nafasi ya betri ya kuumudu. Vitone vya taa 60 vinafichika vizuri ukiufunga mkanda kwa tabaka mbili za ile foamu nyembamba ya kufungia vyombo, kisha ukauingiza kwenye bomba la polikaboneti. Epuka akriliki; ukigonganisha panga mara kadhaa inapasuka vipande vyenye ncha kali.

Mkanda wenyewe ni mzuri. Kazi nyingi iko kwenye umeme unaoulisha.

Kila taa ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inaweza kula miliampea 60, yaani 20 kwa kila rangi. Bapa la sentimita 80 lenye mikanda miwili iliyopeana mgongo lina taa 96, na 96 mara 60 ni karibu ampea 5.8. Bodi ndogo ya kuchaji ya TP4056 yenye ulinzi hukata umeme kwenye ampea 3 hivi. Ndiyo maana panga nyingi huzima ghafla mtu akichagua rangi nyeupe, halafu lawama zote zinaenda kwa betri. Mimi napunguza mwanga kwenye programu hadi 80 kati ya 255 na natumia rangi moja tu. Hapo taa zote hazizidi miliampea 700, na betri halisi ya 18650 (ile ya lithiamu yenye umbo la silinda) ya 2500 mAh inatosha saa tatu bila wasiwasi. Nasema halisi kwa sababu betri iliyoandikwa 9900 mAh ni feki. Hakuna 18650 yenye uwezo huo. Ipime kwenye mizani: nzima huwa na gramu 45 hivi, na feki nyingi ni nyepesi kuliko hapo.

Bodi ya kuendesha taa ninayoiamini ni Arduino Pro Mini ya volti 3.3, megahezi 8. WS2812B inataka ishara isiyopungua asilimia 70 ya volti zinazoilisha. Ukiulisha mkanda volti 5 huku bodi ikitoa 3.3, unakosa ile 3.5 inayotakiwa, na taa zinaanza kucheza ovyo. Dawa ni kupeleka volti za betri, bila kuzipandisha, kwenye mkanda na kwenye pini ya VCC (ya kuingizia umeme) ya bodi. Vyote viwili vinapata volti zilezile, hivyo ishara inatosha daima na huhitaji kifaa cha kupandisha volti. Kasoro yake ni moja: betri ikishuka kuelekea volti 3.3, buluu na kijani hufifia kabla ya nyekundu. Kwa upanga mwekundu hutaona tofauti.

Uungaji ninaoufuata ni huu. Betri inaingia B+ na B- za TP4056. Kutoka OUT+ waya unapita kwenye swichi ya ampea 3, kisha unagawanyika kwenda kwenye Pro Mini na kwenye mikanda. Hasi zote zikutane sehemu moja. Karibu na mwanzo wa mikanda weka kapasita ya 1000 µF, volti 10, mstari wake mweupe ukiwa upande wa hasi. Pini moja ya Pro Mini inalisha DIN (sehemu ya kuingizia ishara) za mikanda yote miwili, kila mmoja ukipitia rezista yake ya omu 330, kwa hiyo kwenye programu unahesabu taa 48 tu. Mishale iliyochapwa kwenye mkanda lazima ielekee nchani. Ukiugeuza hauwaki kabisa. Pitisha pia waya wa chanya na wa hasi wa 0.5 mm² katikati ya mikanda hadi nchani, uviunge huko pia. Usipofanya hivyo, ncha itafifia na rangi mchanganyiko zitavuta wekundu.

Swichi usiiruke. Hata taa zikiwa zimezimwa kwa programu, kila moja inaendelea kula karibu miliampea moja, na betri itaisha ukiwa umeuweka upanga kabatini. Wakati wa kuchaji zima pia, kwa sababu mzigo unaichanganya TP4056 isijue betri imejaa. Na unapoingiza programu kwa adapta ya USB, itoe betri kwanza.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye viungo vya mwanzo wa mkanda, vile vidoa vya shaba ambavyo risasi hushika. Upanga ukipiga kitu, waya mgumu unakibandua kidoa chote. Tumia waya laini wa silikoni, lehemu haraka kwa nyuzi 350, ukimaliza funika kiungo kwa gundi ya moto. Taa zikiwaka hadi sehemu fulani na zilizobaki zote zikakataa, angalia mbili: ya mwisho inayowaka na ya kwanza isiyowaka. Kata kwenye mstari kabla na baada ya mbovu, ulehemu nyingine mahali pake.