Lenzi ya sonara ya 10x kwa kusoma chapa za fedha kuukuu za Skandinavia: nunua, ila taa izime

Mwenye kusaka vijiko na bakuli za fedha za zamani kutoka Denmark, Sweden na Norway hahitaji hadubini. Lenzi ndogo ya kukunja wanayotumia masonara, ya 10x (inayokuza mara kumi), yenye vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja na kipenyo cha milimita 18, inamaliza kazi ya kusoma chapa, yaani alama ndogo zilizogongwa kwenye chuma. Ile ya pembeni yake iliyoandikwa "30x 21mm" iache dukani.

Hesabu yenyewe inaiumbua. Lenzi ya 10x huonyesha vizuri kitu kikiwa umbali wa milimita 25 hivi. Ya 30x kweli ingetaka milimita 8 tu. Sogeza jicho mpaka karibu liguse kioo, leta kijiko hadi chapa ionekane sawasawa, kisha pima kwa rula. Nyingi ya hizo "30x" husomeka kutoka mbali zaidi ya hapo, yaani namba ni pambo la boksi, na 21 ni kipenyo cha kioo. Halafu tazama karatasi yenye miraba ya milimita: mistari ikipinda pembeni na kuota ukingo wa zambarau, tarakimu ndogo zitakudanganya.

Na tarakimu hizo ndizo zenye habari. Kwenye fedha ya Copenhagen, mwaka umeandikwa kwa tarakimu mbili chini ya chapa ya mji, minara mitatu. "14" peke yake haikuambii karne, kwa hiyo tafuta kando yake herufi za mkaguzi wa ubora wa fedha zilizosukwa pamoja. CFH ni Christian F. Heise, mkaguzi wa 1904 hadi 1932. Basi ni 1914. SG ni Simon Groth, 1863 hadi 1904. Kwa macho matupu zote mbili ni fundo la uzi.

Sweden ndiko lenzi inakorudisha pesa yake. Safu ina chapa ya fundi, taji tatu ndani ya duara lililogawanyika mara tatu, ambalo Waswidi huliita kattfot, unyayo wa paka, kisha chapa ya mji na herufi ya mwaka yenye namba. Vitu vya tangu 1912 vina pia S ndani ya umbo la pembe sita. Herufi ni 24, J na W hazimo: A6 ni 1879, A8 ni 1927, A9 ni 1951. Kwa hiyo P8 ni 1941. Nane iliyochakaa ikisomwa sita, umekosea kwa miaka 48. Hapo iangalie S: ikiwepo, sita haiwezekani.

Norway ni rahisi zaidi: 830S au 925S (sehemu za fedha katika elfu) na chapa ya fundi, kama mizani midogo ya kampuni ya David-Andersen. Mwaka mara nyingi haupo.

Kasoro kubwa ya lenzi zenye taa ni taa yenyewe. Mwanga unaotoka mbele hurudi moja kwa moja kutoka kwenye fedha na chapa huwa weupe mtupu. Izime, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni, karibu sambamba na chuma, ili kila shimo litupe kivuli. Osha kwanza kwa maji vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Dawa ya kung'arisha usiiguse: inakula kingo za chapa, na ule weusi uliotulia mashimoni ndio unaokusaidia kusoma.

Kwa 10x utaona pia kama chapa iligongwa au ilimiminwa. Iliyogongwa ina kingo kali. Iliyonakiliwa kwa kumimina ina kingo butu na vitundu kama vya mkate, na hapo shuka kwenye bei au ondoka. Herufi NS na ALP kwenye chombo zisomwe kwa tahadhari hiyohiyo: ni aloi ya nikeli, na fedha, ikiwepo, ni ngozi ya juu tu.

Nyota nne kati ya tano. Moja imekatwa kwa sababu ya skrubu ya bawaba, ambayo hulegea haraka. Ikaze kwa bisibisi ya saa kabla kioo hakijaanza kucheza na kukwaruzwa na ganda lake.