Kompyuta ya mbunifu wa michoro: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Mbunifu akipata pesa kidogo ya kuboresha kompyuta, mara nyingi huikimbilia kadi ya grafiki. Mimi naiweka mwisho. Mpangilio huu ni wa anayehariri picha na kutengeneza vipeperushi, mabango na majalada. Wa video na 3D wana hesabu yao.

Namba moja ni skrini. Kompyuta nzito itakuchelewesha, lakini skrini inayodanganya itakuharibia kazi bila wewe kujua. Niliwahi kukesha nikisafisha picha ya bibi harusi kwa ajili ya kadi. Kwenye skrini uso ulipendeza. Kadi zilipotoka kuchapwa, kivuli cha chini ya kidevu kilikuwa kimemeza shingo nzima, na ushanga wake hauonekani. Mchapaji hakuwa na kosa. Skrini yangu ilikuwa imewashwa kwa mwangaza wa juu kabisa, picha ikanionekea inang'aa mno, nami nikazidi kuipunguzia mwanga.

Kwa hiyo tafuta paneli (kioo chenyewe cha skrini) ya aina ya IPS, si TN. Kuzitofautisha ni rahisi: fungua picha ya kijivu kitupu, itazame ukiwa umeketi, kisha simama. Kwenye TN kijivu hubadilika kadiri unavyoinuka. Kwenye IPS kinabaki karibu vilevile. Soma na maelezo ya kiwandani. Unataka 99% au 100% ya sRGB, yaani wigo wa rangi wa kawaida wa skrini na wavuti. Ukikuta 45% NTSC, kipimo kingine cha wigo wa rangi, kama ilivyo kwenye laptop nyingi za bei ya chini, iache, kwa sababu inakosa zaidi ya theluthi moja ya rangi za sRGB. Ukishafika nyumbani na skrini yako, weka karatasi nyeupe kando ya skrini na ushushe mwangaza mpaka weupe wa karatasi na wa ukurasa ukaribiane. Wenye kifaa cha kupimia rangi wengi hulenga mwangaza wa 120 cd/m² na weupe wa 6500K.

Namba mbili, RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi uliyoifungua. Piga hesabu ya ukurasa wa A4 kwa 300 dpi (nukta kwa inchi): pikseli 2480 kwa 3508, yaani kama milioni 8.7. Kwa RGB (nyekundu, kijani na bluu) ya biti 8 kwa kila rangi, kila pikseli hula baiti 3, hivyo leya moja (tabaka la picha) iliyojaa ni karibu MB 26. Leya 30 ni MB 780, kabla ya kuhesabu kumbukumbu ya hatua unazoweza kurudisha nyuma. Ukifanya kazi kwa biti 16, zidisha mara mbili. GB 8 hubanwa mapema na mfumo wenyewe pamoja na kivinjari; GB 16 zinawatosha wengi; GB 32 ni za mwenye faili kubwa na leya nyingi. Kabla hujalipa, hakikisha aina yake: DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5, na laptop nyingi zinazokubali kuongezewa hutumia ile fupi, SODIMM. Laptop nyingine RAM yake yote imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki kamwe. Hiyo inunue ikiwa na ya kutosha tangu mwanzo.

SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, naiweka ya tatu, ila kama bado unatumia diski ya kuzunguka, ipandishe juu ya RAM. RAM ikijaa, programu ya picha huhamishia mzigo kwenye diski. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 hadi 200 kwa sekunde, SSD inayounganishwa kwa SATA karibu 500, ile ya NVMe, iliyo ya kasi zaidi, maelfu. Usiijaze pomoni, maana programu inahitaji nafasi tupu ya kufanyia kazi. Diski ya zamani usiitupe, iwekee nakala za kazi za wateja.

Ya nne ni tableti ya kuchorea yenye kalamu. Ndogo inatosha. Faida yake utaiona ukikata nywele zilizotimka kutoka kwenye mandhari: ukikandamiza kidogo mstari unakuwa mwembamba, jambo ambalo kipanya hakiwezi.

Ya mwisho, kadi ya grafiki. Inasaidia kwenye kukuza na kuzungusha picha, baadhi ya vichujio, na zana za akili mnemba za kuondoa chengachenga kwenye picha. Kama zana hizo unazitumia kutwa, ipandishe. Kama kazi yako ni kusahihisha rangi, kukata picha na kupanga maandishi, ile iliyokuja na kompyuta itakuvusha.